Sarafu ya Kumbukumbu ya Jeshi la Udongo la Xi'an: Namna ya Kuitambua, Kuipima, Kuinunua na Kuitunza

Mwezi Machi 1974, wakulima wa kijiji cha Xiyang, katika eneo la Lintong karibu na jiji la Xi'an, jimbo la Shaanxi, walikuwa wakichimba kisima, na badala ya kufikia maji wakafikia vipande vya sanamu za udongo wa kuchoma. Walichokuwa wamekigusa ni pembe ya jeshi zima lililozikwa yapata kilomita moja na nusu mashariki ya kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 KK na kufariki mwaka 210 KK. Shimo la kwanza peke yake lina urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, na katika mashimo matatu kwa pamoja inakadiriwa kuwa wamo askari zaidi ya 8,000, magari ya vita 130 na farasi zaidi ya 600. Makumbusho yalifunguliwa hapo hapo tarehe 1 Oktoba 1979, na mwaka 1987 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

China imeienzi hazina hii kwa sarafu za kumbukumbu zaidi ya mara moja. Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kumiliki moja kati ya sarafu hizo, awe ananunua kwa njia ya mtandao, anamwagiza jamaa anayekwenda Guangzhou kibiashara, au amerithi moja asiyoielewa. Haukuandikwa kwa anayetafuta faida ya haraka, kwa sababu wengi walioingia kwa nia hiyo wametoka na vipande vya chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Nimeupanga kwa hatua, na nasihi zifuatwe kwa mpangilio wake, kwani makosa makubwa huanza pale mtu anapolipa kwanza na kukagua baadaye.

Hatua ya kwanza: Amua unatafuta sarafu ipi

Neno "sarafu ya Jeshi la Udongo" hutumiwa na wauzaji kwa vitu vitatu vilivyo mbali sana kwa thamani, na mnunuzi asiyevitofautisha atalipa bei ya kimoja na kupewa kingine.

Cha kwanza ni sarafu ya yuan 5 ya mwaka 2002, iliyotolewa pamoja na sarafu ya Ukuta Mkuu kama mwanzo wa mfululizo wa Urithi wa Dunia ulioendelea hadi 2006. Imepigwa kwa aloi ya shaba, yaani shaba iliyochanganywa na madini mengine, kipenyo chake ni milimita 30, na zilitolewa milioni 10 kwa kila mchoro. Hii ni pesa halali ndani ya China, yenye nguvu sawa na noti ya yuan 5, ingawa ni nadra mtu kuitoa dukani. Kwa kuwa zipo kwa mamilioni, muuzaji anayeiita adimu anasema jambo lisilo la kweli, na hapo hapo amekuonyesha ni mtu wa namna gani. Kwa anayeanza, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita, kwa sababu gharama yake ni ndogo na kosa lolote utakalolifanya nayo halitakuumiza.

Cha pili ni sarafu za madini ya thamani za mwaka 1984. Za fedha ziko nne, kila moja ikiwa na thamani iliyoandikwa ya yuan 5, uzito wa gramu 22.22, kipenyo cha milimita 36 na usafi wa asilimia 90, na zote zinaonyesha askari na farasi wa udongo. Pamoja nazo ilitolewa sarafu ya dhahabu ya yuan 100 yenye sura ya Qin Shi Huang mwenyewe, uzito wake gramu 11.318, ambamo dhahabu halisi ni theluthi ya aunsi, yaani gramu 10.37. Hizi zilipigwa kwa ubora wa hali ya juu, uso wake ukiwa laini kama kioo, wala hazikukusudiwa kupita mikononi mwa watu sokoni.

Cha tatu si sarafu kabisa, bali ni medali. Ni kipande cha duara chenye picha nzuri ya askari wa udongo, mara nyingi kikiwa ndani ya kasha jekundu la kupendeza, lakini hakina thamani iliyoandikwa wala mamlaka ya benki kuu nyuma yake. Hakuna ubaya kununua medali kama umeipenda, mradi ulipie bei ya medali.

Hatua ya pili: Jifunze kuhusu hazina yenyewe kabla ya picha yake

Watu wengi huiruka hatua hii wakiiona ya kisomi, ilhali ndiyo inayomkinga mnunuzi kuliko mashine yoyote. Mchongaji wa kalibu ya sarafu halisi, yaani chuma chenye mchoro kinachopigia sarafu, alilenga kuionyesha sanamu yenyewe. Mghushi hufanya kazi kutoka kwenye picha ya sarafu. Tofauti hiyo huonekana kwa jicho lililozoea.

Tafuta picha kubwa na za wazi za askari wenyewe, uzitazame kwa utulivu kwa siku kadhaa. Angalia jinsi kila uso ulivyo tofauti na mwingine. Angalia fundo la nywele lililoelekezwa upande mmoja wa kichwa, na vipande vya deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, vilivyopangwa safu kwa safu, kila kipande kikiwa na vichwa vya misumari yake. Mpiga mshale aliyepiga goti, aliyepatikana katika shimo la pili, ana mishono inayoonekana hata kwenye soli ya kiatu chake. Mikono mingi imekunjwa kana kwamba imeshika kitu, na kweli ilishika, ila mipini ya silaha ilikuwa ya mti nayo imeoza tangu zamani.

Fahamu pia kwamba askari hawa hawakuwa wa kijivu. Walipakwa rangi nyekundu, kijani, buluu na hata zambarau iliyotengenezwa kwa ufundi maalumu wa Wachina wa kale. Rangi hiyo ililala juu ya tabaka la utomvu wa mti, na sanamu inapotolewa kwenye udongo wenye unyevu na kukutana na hewa kavu, tabaka hilo hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache. Ninalitaja jambo hili kwa uchungu wa kweli, kwa sababu waliochimba mwanzoni waliona rangi ambazo sisi hatutaziona tena, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya mashimo imeachwa bila kufukuliwa hadi njia bora za kuhifadhi zipatikane.

Ukishaizoea hazina yenyewe, ichukue sarafu na kioo cha kukuzia mara kumi kama kile cha masonara. Katika sarafu halisi macho yana kope, vipande vya deraya vinaachana, na mpaka kati ya mchoro na uso wa sarafu ni mkali. Katika bandia nyuso hupooza, vipande vya deraya huungana kama uji ulioganda, na mara nyingi huonekana vitundu vidogo vya hewa, dalili kwamba kitu kilimiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa mashine.

Hatua ya tatu: Soma maandishi

Huhitaji kujua Kichina. Yatosha kuzitambua alama chache: herufi saba 中华人民共和国, ambazo ni jina la Jamhuri ya Watu wa China, mwaka, ambao huandikwa kwa tarakimu tulizozizoea, na thamani, ambayo ni tarakimu ikifuatiwa na herufi 元 au umbo lake la zamani 圆, yaani yuan. Kitu kisicho na thamani iliyoandikwa ni medali. Kitu chenye mwaka usiolingana na toleo lolote linalojulikana ni cha kuepukwa, na mghushi hukosea hapa mara nyingi kuliko unavyodhani. Linganisha herufi moja baada ya nyingine na picha ya sarafu iliyothibitishwa, ukiangalia unene wa mistari na nafasi kati ya herufi, usitosheke na kwamba zinafanana kwa mbali.

Hatua ya nne: Pima

Vifaa vinavyohitajika ni vitatu, na vyote hupatikana kwa masonara au kwenye maduka ya vifaa vya mafundi: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, na sumaku yenye nguvu. Kabla ya kuanza, tandika kitambaa laini mezani, nawa mikono na uikaushe, na kila mara ishike sarafu kwa kingo zake kati ya kidole gumba na cha shahada, kamwe usiguse uso.

Anza na uzito. Sarafu ya fedha ya 1984 inapaswa kukaribia sana gramu 22.22, tofauti ya sehemu chache za mia si tatizo, lakini tofauti ya nusu gramu ni sababu ya kuirudisha. Kisha pima kipenyo. Bandia iliyotengenezwa kwa madini mepesi inaweza kufikishwa kwenye uzito sahihi kwa kuongezewa unene au upana, kwa hiyo uzito peke yake hauthibitishi kitu. Ni lazima uzito na vipimo vyote vikubaliane kwa pamoja.

Sumaku inafuata. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku, hivyo sarafu ya fedha inayonata kwenye sumaku ina chuma ndani yake na mjadala umekwisha. Kutonata, hata hivyo, hakutoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa shaba iliyopakwa fedha nayo hainati. Inamisha sumaku bapa, uilaze sarafu juu yake na uiache iteleze: fedha halisi huteremka polepole kana kwamba kuna kitu kinaishika, kwa sababu ya umeme mdogo unaozalishwa ndani yake inapopita karibu na sumaku, ilhali madini mengi ya kughushia huteremka haraka.

Ikiwa bado una shaka, kipo kipimo cha maji, ambacho nakiamini kuliko vyote vinavyoweza kufanyika nyumbani. Weka kikombe chenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe yote, huku umeushika uzi, bila sarafu kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni takriban mililita moja, umepata ujazo wa sarafu. Fedha ya asilimia 90 ina uzito wa takriban gramu 10.3 kwa kila mililita, kwa hiyo sarafu ya gramu 22.22 inapaswa kusoma karibu 2.16. Ikiwa ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliopakwa fedha, itasoma karibu 2.5. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata mizani ya bei nafuu itaiona. Baada ya kupima, ilaze sarafu kwenye kitambaa kisicho na nyuzi na uyaache maji yanywewe. Usifute wala kusugua. Sarafu ambayo bado imefungwa katika pakiti yake ya asili isifunguliwe kwa ajili ya kipimo hiki, kwani pakiti nayo ina thamani.

Hatua ya tano: Mchague muuzaji, kisha zungumza bei

Kwa sarafu za thamani kubwa, na hasa ile ya dhahabu, njia salama ni kununua iliyokwisha kukaguliwa na kampuni za upangaji madaraja kama NGC na PCGS za Marekani, ambazo huifunga sarafu ndani ya kasha gumu lenye namba yake. Namba hiyo huangaliwa bure kwenye tovuti ya kampuni. Lakini usiishie kwenye namba, kwa sababu waghushi wamejifunza kutengeneza hata makasha na kuyapa namba za sarafu halisi. Pale ambapo kampuni imeweka picha, linganisha mkwaruzo kwa mkwaruzo na sarafu iliyo mbele yako.

Cheti cha karatasi kinachokuja na sarafu ni kizuri kuwa nacho, lakini karatasi huchapwa kwa urahisi kuliko sarafu. Cheti kisikupe imani ambayo mizani imekataa kukupa.

Kuhusu bei, fanya hesabu ya chini kabisa kwanza. Sarafu ya fedha ya 1984 ina gramu 20 za fedha halisi, na ile ya dhahabu ina gramu 10.37 za dhahabu halisi. Zidisha kwa bei ya gramu moja siku hiyo, na utapata thamani ya madini. Chochote unachoombwa juu ya hapo ni malipo ya uadimu, hali na uzuri wa sarafu, na hicho ndicho cha kujadiliana. Anayekuuzia chini sana ya thamani ya madini hakufanyii hisani, kwa kuwa angeweza kuiuza kwa sonara kama madini tu na kupata zaidi. Kabla ya kutoa pesa, omba picha za pande zote mbili na za ukingo, na makubaliano ya maandishi ya kurudisha sarafu ndani ya siku zilizotajwa ikiwa vipimo havitalingana. Muuzaji mwaminifu hukubali bila kukasirika.

Mzigo ukitoka nje ya nchi, sarafu itangazwe forodhani kwa jina lake na thamani yake ya kweli. Kuiandika "zawadi" ili kukwepa ushuru huharibu bima, na mzigo ukipotea hutakuwa na pa kudai.

Hatua ya sita: Itunze, na usiisafishe

Nyumbani kwetu shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, na sinia na mabirika hung'aa hadi mtu ajione. Niliwahi kuitendea hivyo sarafu ya shaba nikidhani naiheshimu. Iling'aa kwa wiki moja, kisha ikageuka waridi yenye madoa, na chini ya kioo cha kukuzia nikaona mikwaruzo elfu iliyokwenda kila upande. Ngozi ya juu ya sarafu ni sehemu ya historia yake, na ikishaondolewa hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo ndimu, majivu, dawa ya meno, magadi na vitambaa vya kung'arishia fedha vyote viwekwe mbali.

Wanaoishi mwambao wana adui wawili wa ziada, unyevu na chumvi ya bahari. Iweke sarafu ndani ya kapsuli ngumu ya akriliki inayolingana na kipenyo chake, milimita 30 au 36, kisha kapsuli hiyo ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya makasha ya viatu na mikoba, ukivibadilisha kila baada ya miezi michache. Epuka vifuko vya plastiki laini ya PVC, vyenye harufu ya pazia jipya la bafuni, kwani baada ya miaka hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani unaokula madini. Utando huo ukitokea, wa kuuondoa ni asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, na sarafu huzamishwa tu bila kusuguliwa, mahali penye hewa na mbali kabisa na moto.

Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa, nayo imo katika mipira ya kufungia noti, katika sufu na katika baadhi ya kadibodi. Mbao nyingine nazo hutoa mvuke wa asidi, hivyo kabati zuri la babu huenda lisiwe mahali pazuri pa sarafu.

Hatua ya saba: Andika

Fungua daftari, na kwa kila sarafu andika tarehe ya kununua, bei, jina la muuzaji, uzito na kipenyo ulivyovipima wewe mwenyewe, na namba ya kasha kama ipo. Bandika picha za pande zote mbili. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani daftari liko wapi. Sarafu nyingi nzuri zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu na warithi ambao hawakuachiwa hata mstari mmoja wa maelezo.

Ukikutana na sarafu ya kale yenyewe

Anayezipenda sarafu za kumbukumbu hufika siku akatamani zile za kale. Qin Shi Huang huyo huyo ndiye aliyeiamuru China nzima kutumia sarafu moja, iitwayo ban liang, ya mviringo yenye tundu la mraba katikati, na umbo hilo likadumu kwa zaidi ya miaka 2,000. Lilifika hata kwetu: mwaka 1945 katika eneo la Kajengwa, Makunduchi, Unguja, zilipatikana sarafu za China zaidi ya 170, nyingi zikiwa za enzi ya Song, ukoo wa kifalme wa China, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake imepata katika kisiwa cha Manda, Lamu, sarafu ya mfalme Yongle wa China aliyetawala kati ya 1402 na 1424.

Kwa hiyo mtu anaweza kukuletea sarafu yenye tundu la mraba akisema aliiokota ufukweni au shambani, naye akawa anasema kweli. Usiinunue. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Tanzania Bara sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, zinalinda vitu vya namna hiyo, na China nayo hubana sana utoaji wa vitu vyake vya kale nje ya nchi. Muombe aliyeiokota akuonyeshe mahali hasa ilipokuwa, piga picha ya sarafu na ya mahali penyewe ukiweka kitu cha kulinganishia ukubwa, isioshwe hata kwa maji, ifungeni kwa karatasi safi, msichimbe zaidi, kisha ipelekeni taarifa katika makumbusho yaliyo karibu nanyi siku hiyo hiyo.